Hesabu za Hospitali Zinapogoma: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvifuatilia

Mwongozo huu unamlenga mganga mfawidhi, katibu wa afya, mhasibu au mjumbe wa bodi wa hospitali ya taasisi ya dini au ya binafsi nchini Tanzania, hasa hospitali ya vitanda visivyozidi mia moja, ambayo mapato yake yanatoka kwa wagonjwa wanaolipa taslimu, kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, kwa kampuni binafsi za bima na, mara nyingine, kwa ruzuku ya serikali au ya wafadhili. Mengi yanayoelezwa humu yanakihusu pia kituo cha afya cha serikali, ingawa huko makusanyo hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo na hesabu huandaliwa katika mifumo ya serikali.

Jambo moja litangulie mengine yote. Hitilafu ya fedha hospitalini huonekana katika ofisi ya uhasibu, lakini mara nyingi chanzo chake kiko mapokezi, wodini, maabara au kwenye dirisha la dawa, mahali ambapo huduma ilitolewa bila kuandikwa au iliandikwa vibaya. Kwa hiyo anayetafuta chanzo afuate njia aliyopita mgonjwa, tangu kufunguliwa faili hadi kuruhusiwa, na katika kila hatua aulize ni nini kilitolewa, nani alikiandika, na maandishi hayo yalimfikia nani. Anayeanza na kuishia kwenye daftari la fedha atapata tofauti, lakini hatapata sababu yake.

Hesabu zinaonyesha ziada, lakini benki hakuna kitu

Hii ndiyo dalili inayozua ugomvi mkubwa katika vikao vya bodi. Mhasibu anasoma taarifa ya mapato na matumizi yenye ziada, na mjumbe mmoja anauliza kwa nini basi mishahara ya mwezi uliopita ilichelewa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Katika uhasibu wa malimbikizo, mapato huandikwa siku huduma ilipotolewa, hata kama aliyepaswa kulipa atalipa baada ya miezi minne. Na gharama huandikwa siku kitu kilipotumika, hata kama kilinunuliwa mwaka juzi. Ziada, kwa hiyo, inaeleza kama huduma za kipindi hicho zilizidi gharama zake. Haielezi kama fedha ipo mkononi.

Njia ya uhakika ya kupatanisha mambo hayo mawili ni kuandaa taarifa ya mtiririko wa fedha kwa kuanzia kwenye ziada yenyewe. Tuchukue mfano wa hospitali iliyopata ziada ya shilingi 48,000,000 kwa mwaka. Ndani ya gharama zake kuna uchakavu wa majengo na vifaa wa shilingi 22,000,000, ambao haukutoa fedha yoyote benki mwaka huo, kwa hiyo unajumlishwa tena kwenye ziada na tunafika 70,000,000. Madeni ya bima yaliongezeka kwa 61,000,000, ambayo ni huduma zilizotolewa na kuhesabiwa kuwa mapato lakini hazijalipwa. Tunabaki na 9,000,000. Shehena ya dawa stoo iliongezeka kwa 14,000,000, na hapo tunashuka chini ya sifuri kwa 5,000,000. Wauzaji wa dawa na vifaa walikubali kusubiri malipo ya 9,000,000 zaidi kuliko mwaka uliotangulia, tukapanda hadi 4,000,000. Kisha ilinunuliwa mashine ya ultrasaundi kwa 35,000,000, na mkopo wa benki ukarejeshwa kwa 12,000,000. Hospitali yenye ziada ya milioni 48 imemaliza mwaka ikiwa na upungufu wa fedha wa milioni 43, na hakuna aliyeiba hata senti.

Faida ya zoezi hili ni kwamba linaonyesha ni mstari upi uliomeza fedha. Ukiwa ni ununuzi wa kifaa, kosa liko kwenye mipango: kifaa cha kudumu miaka minane kimelipiwa kwa fedha ya mishahara ya miezi mitatu. Ikiwa ni stoo, soma sehemu ya dawa hapa chini. Mara nyingi, hata hivyo, mstari wenyewe ni madeni ya bima, na hapo unahitajika uchambuzi wa umri wa madeni: kila mdaiwa na kiasi anachodaiwa kwa siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Kipimo cha haraka ni kugawanya jumla ya deni kwa wastani wa madai ya mwezi. Hospitali inayodai bima shilingi 36,000,000 kila mwezi na yenye deni la 126,000,000 vitabuni ina deni la miezi mitatu na nusu. Kama mkataba unasema malipo yafanyike ndani ya miezi miwili, basi ama mlipaji amechelewa, ama madai yalichelewa kupelekwa, ama sehemu ya deni hilo ilikwisha kukataliwa na hakuna aliyeifuta vitabuni. Sababu hizi tatu zina tiba tofauti kabisa, na kuziita zote "bima hawalipi" ni kujinyima ufumbuzi.

Ikumbukwe pia kwamba mlipaji mwenyewe anaweza kubadilika. Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima wa zamani tarehe 1 Oktoba 2024, na hospitali nyingi zikabaki na madai ya mfuko uliokwisha kuvunjwa. Deni la namna hiyo litengwe katika akaunti yake, lithibitishwe kwa nyaraka moja moja, na lisichanganywe na madai mapya, la sivyo kipimo cha miezi ya deni hakitakuwa na maana tena.

Bima inalipa pungufu ya kilichodaiwa

Hospitali imepeleka madai ya shilingi 36,000,000 na kulipwa 31,500,000. Makato ya asilimia 12.5 ni mengi, na yakirudiwa kila mwezi yanatosha kulipa mishahara ya wauguzi kadhaa. Kabla ya kuandika barua ya malalamiko, chukua taarifa za makato za miezi mitatu na uzipange kwa namna mbili: kwa sababu ya kukatwa na kwa idara ilikotoka huduma. Karibu kila mara utakuta sababu chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya fedha.

Sababu zinazojirudia zinajulikana. Mgonjwa hakuhakikiwa alipofika mapokezi, kwa hiyo dai halina namba ya idhini, au namba iliyoandikwa ni ya ziara nyingine. Fomu haina saini ya mgonjwa au ya daktari. Ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa au kipimo kilichotolewa, kwa mfano dai lenye dawa ya shinikizo la damu ilhali ugonjwa ulioandikwa ni malaria peke yake. Dawa iliyotolewa hairuhusiwi kwa ngazi ya kituo husika katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Siku za kulazwa kwenye fomu ni nyingi kuliko zilizomo kwenye faili la wodi. Na ipo sababu isiyo na uhusiano na mgonjwa: bei. NHIF ilipoanza kutumia kitita chake kipya cha mafao tarehe 1 Machi 2024, hospitali ambayo haikubadilisha bei katika mfumo wake siku hiyohiyo iliendelea kuandika mapato ambayo yasingelipwa kamwe, na makato yake yakaonekana kama uonevu wakati yalikuwa ni bei ya zamani.

Tiba ya kudumu ni kulikagua dai kabla halijatoka. Daktari akiandika uchunguzi wake kwa ukamilifu, fedha haiponyoki. Asipoandika, hakuna karani wa madai anayeweza kuubuni, wala hapaswi kujaribu. Nasisitiza hili kwa sababu katika hospitali nyingi karani wa madai ni mtumishi wa cheo cha chini asiyethubutu kumrudishia daktari faili lenye upungufu. Mganga mfawidhi ampe mamlaka hayo kwa maandishi, na makato ya kila idara yasomwe katika kikao cha asubuhi cha madaktari, si katika ofisi ya uhasibu pekee.

Upande wa vitabu, ile 4,500,000 isiachwe ikilala kwenye akaunti ya wadaiwa. Sehemu inayokatiwa rufaa ibaki kama deni, ikiwa na orodha ya madai husika na tarehe ya mwisho ya rufaa; sehemu iliyokubaliwa kuwa kosa la hospitali iondolewe kwa kupunguza mapato. Hospitali ambayo kwa mwaka mzima imekatwa wastani wa asilimia 12 haina sababu ya kuandika mapato ya bima kwa asilimia 100 na kusubiri kushangaa. Ikadirie makato hayo tangu mwanzo, kisha irekebishe malipo yanapofika. Deni ambalo mlipaji alilikubali lakini ameshindwa kulilipa ni jambo jingine: hilo hutengewa akiba ya madeni mabaya kama gharama.

Wagonjwa wengi, makusanyo kidogo

Hapa watu hukimbilia neno wizi. Lipo, lakini lichunguzwe mwisho, baada ya maelezo mengine kuisha, kwa sababu keshia asiye na hatia akishatuhumiwa hadharani hakuna marekebisho ya vitabu yatakayomrudishia heshima yake.

Anza na misamaha. Uchangiaji wa huduma katika hospitali za serikali, ulioanza mwaka 1993, uliambatana na sera ya misamaha kwa makundi kama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo, na hospitali teule za halmashauri zenye mkataba wa huduma na serikali zinaitekeleza pia. Mgonjwa wa msamaha akihudumiwa bila kuandikwa popote kwenye hesabu, rejesta ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, itamwonyesha ilhali risiti haipo, na tofauti itafanana kabisa na wizi. Utaratibu sahihi ni kumwandikia ankara kwa bei kamili, kisha kuifuta kwa hati ya msamaha yenye jina la aliyeidhinisha. Hivyo hospitali inajua kwa mwaka imetoa huduma ya thamani gani bila malipo, na takwimu hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote inapokaa mezani na halmashauri kujadili ruzuku.

Baada ya misamaha, linganisha idara kwa idara. Chukua wiki moja ya rejesta ya maabara, hesabu vipimo, toa vya bima na vya msamaha, na uangalie kama kila kilichobaki kina risiti. Fanya vivyo hivyo kwa eksirei na kwa chumba cha upasuaji mdogo. Tofauti ikijikusanya usiku na mwisho wa wiki, uliza nani anakusanya fedha keshia akiwa hayupo. Mara nyingi jibu ni muuguzi wa zamu, anayepokea fedha kwenye bahasha na kuikabidhi asubuhi bila kitabu cha makabidhiano; au ndugu wa mgonjwa wanatuma malipo kwa simu kwenye namba ya mtumishi kwa sababu hospitali haina namba yake ya kupokelea. Namba ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la hospitali na kubandikwa mlangoni inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa siku moja.

Kanuni ya msingi ni kutenganisha majukumu: anayetoza asiwe anayepokea, anayepokea asiwe anayepeleka benki, na anayepeleka benki asiwe anayefanya usuluhishi, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Katika kituo chenye mhasibu mmoja hili ni gumu, na hapo mganga mfawidhi mwenyewe alinganishe jumla ya risiti za jana na hati ya benki kila asubuhi na kusaini. Makusanyo yapelekwe benki yote kama yalivyo. Fedha ya matumizi madogo itoke kwenye masurufu maalumu, isichotwe kwenye droo ya makusanyo.

Ushahidi ukielekea kweli kwenye wizi, hifadhi kwanza vitabu vya risiti, faili na kumbukumbu za mfumo kabla ya mtu yeyote kuhojiwa, mhusika apewe likizo ya kawaida ili mwingine ashike nafasi yake, na kazi ikabidhiwe kwa mkaguzi wa ndani wa taasisi mama.

Leja ya stoo inasema dawa zipo, rafu ni tupu

Dawa ni fedha iliyobadilika umbo, na mama anayehitaji sindano usiku hawezi kutibiwa kwa leja. Kwa kila dawa fanya hesabu ileile: salio la mwanzo, jumlisha kilichopokelewa, toa kilichotolewa, linganisha na kilichohesabiwa kwa mkono. Tuseme ceftriaxone, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ilianza na vichupa 140, vikapokelewa 400, na vyeti vya dawa vinaonyesha 375 vimetolewa. Vinatakiwa 165, vimehesabiwa 121. Tofauti ni 44. Kufuatilia kunaweza kuonyesha kwamba 30 vilichukuliwa usiku na wodi kwa dharura na havikuandikiwa cheti, 10 vilikwisha muda na kutengwa bila hati, na 4 havina maelezo. Tiba ya vile 30 ni kuipa wodi akiba ndogo ya dharura inayojazwa kila asubuhi kwa kuonyesha majina ya wagonjwa waliotumia. Isitoshe, vichupa hivyo 30 ni vya wagonjwa ambao huenda hawakutozwa wala kudaiwa bima, kwa hiyo hasara yake ni kubwa kuliko bei ya kununulia.

Chunguza pia kipimo kinachotumika. Leja ikihesabu vidonge na mtunza stoo akiandika kuwa ametoa 1 kwa maana ya kopo la vidonge 1,000, vidonge 999 vimeibuka vitabuni ambavyo havipo rafuni. Hitilafu hii ni ya kawaida kuliko wizi, na hujulikana kwa ukubwa wake usio na mantiki. Mzigo wa Bohari ya Dawa au wa muuzaji binafsi uhesabiwe mbele ya aliyeuleta na kulinganishwa na ankara kabla ya kusaini hati ya kupokelea. Dawa za msaada ziandikwe nazo, kwa thamani ya soko. Dawa isiyo na leja hakuna anayeilinda. Dawa inayokaribia kwisha muda itoke kwanza, hata kama ilifika mwisho.

Daftari la fedha na taarifa ya benki havilingani

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu njia inajulikana. Orodhesha hundi ambazo hazijafika benki, fedha iliyopelekwa lakini haijaingizwa, makato ya benki na malipo ya bima yaliyoingia moja kwa moja bila mhasibu kuarifiwa. Tofauti inayobaki ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu zilizopinduliwa: 54,000 iliyoandikwa 45,000 huacha tofauti ya 9,000. Ikiwa nusu ya tofauti hiyo inafanana na muamala uliopo, huenda muamala huo umeandikwa upande usio wake. Usuluhishi ufanywe kila mwezi kwa kila akaunti. Ukiachwa miezi sita, kazi ya saa mbili inageuka kuwa kazi ya wiki mbili.

Akaunti ina fedha, lakini si zetu

Salio la benki ni milioni 80, mganga mfawidhi anaidhinisha malipo ya mishahara, na baada ya miezi miwili mfadhili wa mradi wa afya ya mama na mtoto anaomba taarifa ya milioni 65 ambazo hazipo tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fedha zote zilikuwa zimelala katika akaunti moja na taarifa ya kila mwezi ilionyesha salio moja tu. Chanzo ni kutotofautisha fedha zenye masharti na fedha huru. Kila mfuko uwe na namba yake katika orodha ya akaunti za leja, na taarifa ya mwezi ionyeshe salio la kila mfuko mmoja mmoja. Mfadhili akitaka akaunti ya benki ya peke yake, afunguliwe. Ruzuku iliyopokelewa lakini ambayo masharti yake hayajatimizwa ikae upande wa madeni katika mizania, kwa kuwa mpaka hapo hospitali inaweza kutakiwa kuirudisha. Ikilazimu kabisa kukopa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, mfadhili akubali kwanza kwa maandishi.

Tunafanya kazi zaidi na tunapata hasara zaidi

Dalili hii inaumiza watu wema, kwa kuwa juhudi yao ndiyo inayoonekana kuwaangusha. Kwanza tenganisha gharama za kudumu, kama mishahara na ulinzi, na zile zinazoongezeka kwa kila mgonjwa, kama dawa, glavu na chakula. Wodi yenye gharama za kudumu za shilingi 9,000,000 kwa mwezi, inayopata 20,000 kwa kila siku ya kitanda, yaani mgonjwa mmoja kulazwa siku moja, na kutumia 8,000 kwa mgonjwa huyo siku hiyo, inabakiza 12,000 kwa siku ya kitanda. Inahitaji siku 750 za kitanda ili ijilipie. Kama ina vitanda 30, mwezi wa siku 30 una siku 900, kwa hiyo lazima vitanda vijae kwa asilimia 83. Ikijaa kwa asilimia 60, kuongeza wagonjwa kunasaidia. Lakini ikiwa gharama inayofuata mgonjwa ni kubwa kuliko bei anayolipiwa, kama inavyoweza kutokea kwa upasuaji wa uzazi wenye bei iliyopangwa na bima, kila mgonjwa wa ziada anaongeza hasara, na idadi kubwa haitaokoa chochote.

Sisemi hivi ili huduma hiyo ifungwe. Mama anayehitaji upasuaji atapasuliwa, na hospitali ya utume haikujengwa kwa sababu nyingine. Ninachosema ni kwamba hasara hiyo ijulikane kwa kiasi chake na ipangiwe mahali pa kuzibwa: ruzuku, huduma nyingine inayobakiza, au ununuzi wa pamoja wa vifaa na hospitali jirani.

Mkaguzi anaibua madeni ambayo hayamo vitabuni

Ankara za wauzaji zilizokaa kwenye droo ya mfamasia, posho za zamu za mwezi Juni zilizolipwa Agosti, likizo ambazo hazijalipwa, na makato ya mishahara yaliyokatwa lakini hayakupelekwa. La mwisho ni zito kuliko yote. Kodi ya mapato ya watumishi hupaswa kufika Mamlaka ya Mapato kabla au siku ya 7 ya mwezi unaofuata, na michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, ni akiba ya uzeeni ya watumishi wenyewe. Kuitumia kununulia mafuta ya jenereta ni kukopa kwa mtu bila kumwomba, tena kwa adhabu juu yake. Hospitali pia hukosea kuhusu Kodi ya Ongezeko la Thamani: kwa kuwa huduma za tiba zimesamehewa kodi hiyo, hospitali haiwezi kudai kurudishiwa ile iliyolipa kwenye manunuzi, kwa hiyo ni sehemu ya gharama ya kifaa na iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mwisho wa mwaka wa hesabu, mhasibu apite idara zote akiwa na fomu moja inayouliza ni bidhaa na huduma gani zilizopokelewa ambazo hazijalipwa, kila mkuu wa idara asaini hata kama jibu lake ni hakuna, na malipo yote ya miezi miwili inayofuata yapitiwe moja moja kuona ni yapi yalikuwa ya mwaka uliokwisha.